Kitabu Kilichogombea Uenyekiti

Pa! Pa-pa-pa! Pa!

Makofi yalisikika kwanza, mwenyewe bado hajaonekana. Yalianzia upande wa vyoo, yakazunguka ghala la mahindi, yakaja yakikua kuelekea Darasa la Tatu, na Mwalimu Sikudhani akajua kwamba kipindi chake kimekwenda na maji. Katika Jamhuri ya Makofi sheria ilikuwa wazi: kiongozi hutanguliwa na makofi, asije akaingia mahali ghafla akakuta watu wanafanya kazi.

"Soma haraka, Nyamizi," alisema Mwalimu. "Wanakuja."

Nyamizi alikuwa binti wa dawati la mbele, aliyekaa mwaka mzima bila kufungua kinywa. Walimu wote walishakubaliana kwamba hajui kusoma. Kumbe alikuwa hajapata cha kusoma. Kilichomfungua kinywa ni kitabu chembamba chenye jalada la kijivu, kisicho na picha hata moja kwa kuwa wachapaji wa serikali walisema picha zinakula wino. Kiliitwa *Bibi Anapanda Mti*. Ukurasa wa kwanza Bibi anachimba shimo na kutia mche, majirani wanamcheka mpaka wanashika mbavu: bibi wewe, mti huu utakufaa lini? Kurasa zinapita, mti unarefuka, kicheko kinapungua. Siku hiyo umebaki ukurasa mmoja tu. Mti umepita paa la nyumba, na Bibi amesimama chini yake.

Nyamizi aliweka kidole kwenye mstari, akapaza sauti kushindana na makofi. "Bibi akavua kandambili. Akajifunga kanga yake kibwebwe. Akautazama mti mpaka kileleni, akasema..."

Mlango ukasukumwa.

"Panda!" ilinguruma sauti.

"Juu!" wakaitikia watu wenye fulana za njano zilizochorwa ngazi.

Aliyeingia ni Mheshimiwa Kirungu, mratibu wa Chama cha Ngazi, aliyetumwa kutoka makao makuu. Tumbo lake liliingia kwanza, yeye akalifuata, na nyuma yake akaja Mwalimu Mkuu Tumsifu akiwa bado anapiga makofi.

"Shikamoo, Mheshimiwa!" watoto waliimba.

"Marahaba. Mnasoma nini, wanangu?" Akakinyakua kitabu mkononi mwa Nyamizi, akakiweka mbali na macho, akasoma jalada kwa taabu kama mtu anayevuka mto. "Bibi... Anapanda... Mti." Macho yakamlowa. "Anapanda! Bibi mtu mzima, na bado anapanda! Anakwenda juu! Mwalimu, hiki ni chama chetu kitupu!"

"Mheshimiwa, ukifungua ukurasa wa kwanza utaona kwamba..."

"Nifungue cha nini? Kwani jalada lina kasoro?"

"Halina, Mheshimiwa," alidakia Mwalimu Mkuu Tumsifu. "Tunajitahidi sana upande wa majalada."

Ikaamriwa kwamba kuanzia kesho kitabu kisomwe paredi kila asubuhi, jalada tu, kwa sauti ya pamoja, na ndani kisifunguliwe tena. Kisha makofi yakaondoka na mwenyewe. Nyamizi akafungua kinywa kuendelea, kengele ya mapumziko ikalia.

*

Msomaji wa nchi nyingine atashangaa. Mratibu wa chama kizima ana shida gani na Shule ya Msingi Mtanikumbuka, shule iliyopewa jina hilo na waziri ambaye leo hakuna anayemkumbuka?

Shida ilikuwa uchaguzi wa Kamati ya Shule. Miaka yote kamati hiyo ilichaguliwa kwa njia ya haki na uwazi: asiyehudhuria mkutano ndiye aliyechaguliwa. Watu walikuwa wakisikia wameitwa wenyeviti wakiwa shambani, wanashika kichwa. Kazi yenyewe ilikuwa kuhesabu madawati na kuomba chaki. Lakini mwaka huo mtu fulani mjini aligundua kwamba mtoto aliye darasa la tatu leo atapiga kura kesho kutwa, na kwamba ukimshika mapema hakusumbui. Basi vyama viwili vya Jamhuri vikaishukia shule kama nzige. Wagombea wakaja na magari, na wengi wao hawakuwa na mtoto pale. Mmoja hakuwa na mtoto popote. Aliulizwa atawafanyia nini wanafunzi, akajibu kwamba atawaletea wazazi.

Chama cha pili kilikuwa Chama cha Jembe. Makofi yake yalifika Alhamisi, mazito zaidi, yenye vigelegele ndani yake.

"Panda!" alipaza sauti Mheshimiwa Bi. Shangwe, mama mrefu aliyejifunga kitenge chenye majembe mbele na nyuma.

"Tuvune!" wakaitikia wafuasi.

Akaliona jalada, akakaa chini kwa furaha, dawati likalia. "Bibi Anapanda Mti! Jamani, jamani! Huyu bibi ni mwanachama wetu. Anaotesha! Mnaona watoto? Anaotesha leo, avune kesho! Mwalimu, nani aliyekupa akili hii?"

"Mheshimiwa, ukisoma mpaka mwisho..."

"Mwisho tunaujua, mwalimu. Mwisho tunashinda."

Walikutana langoni kesho yake asubuhi, Kirungu akirudi kusikiliza paredi, Shangwe naye akirudi kulitazama jalada. Watoto walipokuwa wakisema jalada kwa sauti ya pamoja, kila mmoja alisimama kwa heshima, mkono kifuani. Kisha wakaangaliana.

"Wewe umesimama kwa ajili ya nini?" aliuliza Kirungu.

"Kwa ajili ya Bibi wetu anayeotesha."

"Anayeotesha nini? Bibi anakwea!"

"Akwee mti na umri ule? Mnataka aanguke avunjike kiuno, ndiyo sera yenu kwa wazee?"

"Shangwe, wewe unamjua Bibi wewe?"

"Ni bibi yangu kuliko wako! Wa kwako angekuwa na ngazi!"

Walizozana mpaka paredi ikaisha. Ndipo kila mmoja, peke yake ndani ya gari lake, alipopata wazo moja la kutisha: kama kitabu hiki ni chetu na pia ni chao, basi ni chao. Na kila mmoja akamwagiza dereva ageuze kuelekea ofisi ya Msimamizi wa Uchaguzi, kukiwekea kitabu pingamizi.

*

Msimamizi wa Uchaguzi alikuwa mtu wa sheria. Alifungua sheria, akaipekua, akakuna kidevu.

"Pingamizi huwekewa mgombea," alisema. "Kitabu hiki si mgombea."

"Basi kifanye mgombea," alisema Kirungu.

"Halafu tukiengue," alisema Shangwe. Ilikuwa mara yao ya kwanza kukubaliana, wakaona aibu, wakageuziana mgongo.

Hivyo ndivyo *Bibi Anapanda Mti* kilivyoandikishwa kugombea uenyekiti wa Kamati ya Shule ya Mtanikumbuka. Jinsia: ya kike. Kazi: kupanda. Elimu: ya kutosha, kwa kuwa kimeandikwa. Mgombea sharti awe na nembo, na nembo iliyokuwa imebaki bila mwenyewe, baada ya vyama kunyang'anyana wanyama, zana na matunda yote, ilikuwa kandambili.

Nakala za watoto zilikusanywa, zikafungiwa ghalani juu ya magunia ya mahindi. Nakala moja tu iliachwa nje, ile ya Nyamizi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mgombea. Ilipewa kiti chake ofisini kwa Mwalimu Mkuu, na feni.

"Mwalimu, Bibi alisema nini?" Nyamizi aliuliza siku hiyo, na siku iliyofuata, na iliyofuata.

"Nikuambie?"

"Usiniambie!" Mtoto alikaribia kulia. "Nataka kusoma mwenyewe."

Mwalimu Sikudhani hakulala vizuri kwa maneno hayo. Alikuwa amefundisha miaka mingi, ameona watoto wakilazimishwa kusoma, wakihongwa peremende ili wasome, wakichapwa ili wasome. Mtoto anayelilia ukurasa alikuwa hajamwona. Akajua pia kwamba hamu kama hiyo ikikatwa hairudi. Nyamizi akifungwa kinywa safari hii, atakifunga moja kwa moja.

Siku ya kusikiliza pingamizi ukumbi ulijaa. Kitabu kiliwekwa mezani, kimefunikwa kitambaa, na Msimamizi akasoma kanuni: "Kitabu kinachopingwa hakitafunguliwa na mtu yeyote, kisije kikawaathiri wasikilizaji."

Akaitwa mtaalamu, Profesa Nyambua, ambaye alizungumza akiwa amefumba macho ili asione kama anaeleweka.

"Waheshimiwa, nimekinyambua kitenzi husika. Kupanda. Kupandia. Kupandisha. Kupandwa. Kupandikiza. Kimekubali kote! Kitenzi kinachokubali kila upande hakiaminiki. Nimejiuliza kitaaluma: je, mti wenyewe unajua unafanyiwa nini? Haujui! Hali hii, kitaaluma, inaitwa utata."

"Utata!" ukumbi ukashtuka, na mama mmoja akamfunika mwanawe masikio.

Akasimamishwa Mwalimu Sikudhani.

"Mwalimu, jibu neno moja," alisema Msimamizi. "Bibi anaotesha au anakwea?"

"Tungefungua tu ukurasa wa kwanza, na ule wa mw..."

"Unampigia kampeni mgombea! Neno moja!"

Kirungu alimtolea macho. Shangwe alimtolea macho. Mwalimu Mkuu Tumsifu alimtolea macho kwa niaba ya wote wawili. Mwalimu Sikudhani aliangalia madirishani, ambako Darasa la Tatu lote lilikuwa limebandika pua kwenye nyavu.

"Yote mawili," alisema.

Kelele zikapanda hadi kwenye mabati. "Vyama viwili kwa mkupuo!" alifoka Shangwe. "Huyo bibi ana kadi mbili!" alifoka Kirungu. Msimamizi akagonga meza, akatoa uamuzi wa muda: mgombea ataendelea kugombea, kwa sababu karatasi za kura zimeshachapwa na wino umeshaliwa. Lakini neno lenye utata halitatamkwa na mtu yeyote katika Jamhuri mpaka uchaguzi uishe. Mahali pake raia atapiga kofi moja.

*

Jamhuri ilipokea amri kwa makofi, kama ilivyo kawaida yake, ila safari hii haikujulikana wanashangilia au wanasema neno.

Redio ya Taifa ilitangaza, "Bei ya sukari, *pa!* Bei ya mafuta ya taa, *pa!*" na Waziri wa Biashara akajitokeza kuwashukuru wananchi, kwa maana ni nchi chache duniani ambako bei hupokelewa kwa makofi. Mabwana shamba waliwaambia wakulima kwamba mvua zimefika, wasichelewe, *pa!* mapema. Wakulima watiifu walikwenda mashambani wakapiga kofi moja kila shimo, wakarudi nyumbani. Msimu huo magugu yalistawi vizuri sana.

Darasa la Tatu ndilo lililoelewa amri kuliko wote. Watoto walikwisha kuzoea kwamba kofi ni neno. Siku Mwalimu Mkuu Tumsifu alipopita uani akimpigia makofi mkaguzi wa elimu, Nyamizi alinyoosha kidole.

"Mwalimu, Mwalimu Mkuu anapanda nini?"

"Shh!"

"Mbona mikono yake haina kitu?"

Swali hilo liliruka ukuta wa shule. Jioni hiyo lilikuwa gengeni, na asubuhi yake lilikuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Huko ndiko baba yake Nyamizi, fundi wa baiskeli aliyeitwa Masunga, alipoulizwa na jirani yake.

"Masunga, kura yako unampa nani?"

"Pilau la Ngazi nimekula. Fulana ya Jembe nimevaa, hii hapa. Nao wote nimewaahidi."

"Sasa?"

"Sasa kura nampa Bibi. Wale wengine wamekuja kwangu wakanifundisha kuitikia. Huyu amemfundisha mtoto wangu kuuliza."

"Kwani kitabu kikishinda kitatufanyia nini?"

"Hakitatuhutubia," alisema Masunga. "Mimi hilo linanitosha."

*

Siku ya kura watu walikuja peku, kandambili mkononi. Hakuna aliyewapangia. Vyama vilidhani ni njia mpya ya kuheshimu viongozi, vikawapigia makofi. Usiku wa kuamkia matokeo haukuwa na jambo la kusimulia. Asubuhi Msimamizi alisimama, akanywa maji, akasoma jina la mshindi, akanywa maji tena, akasema sheria inamtaka mshindi aape akiwa ameinua mkono wa kulia, na kwamba yeye binafsi haoni mkono.

Ndipo nchi ilipoona muujiza. Kirungu na Shangwe, walioapa kutokaa benchi moja mpaka kaburini, walikaa benchi moja. Kufikia mchana walikuwa wameunda Kamati ya Umoja, Kirungu mwenyekiti, Shangwe mwenyekiti mwenza, na wakatoa tangazo la pamoja: "Mheshimiwa Kitabu amejiuzulu kwa hiari yake, kutokana na afya. Jalada limelegea."

Hapo wakaenda ghalani kuzichukua nakala za watoto wazitupe. Hawakuikuta hata moja. Mchwa, ambao hawana chama, walikwisha kuvimaliza vile vitabu jalada hadi jalada. Walikuwa ndio wasomaji pekee katika Jamhuri nzima waliofika mwisho.

Ikabaki nakala moja, ile ya kwenye kiti. Na hiyo ikawa mtihani. Kuiacha haiwezekani. Kuiunguza, nani aiunguze? Ina kura za watu. Kirungu alisema mkono wa Shangwe ni mwepesi zaidi. Shangwe alisema Kirungu ana uzoefu wa kiberiti. Mwalimu Mkuu Tumsifu, aliyekuwa amesimama mlangoni akipiga makofi ya chini chini, ndiye aliyepata jibu.

"Mwalimu Sikudhani ndiye aliyekianza, waheshimiwa. Yeye na akimalize."

Aliitwa ofisini. "Mwalimu," Kirungu alisema kwa upole wa kutisha, "kesho, mbele ya wazazi, utakipokea kitabu na kutoa ahadi. Ukikataa, kuna nafasi ya mwalimu katika Shule ya Msingi Lamiimekwisha."

"Huko kuna watoto wangapi, Mheshimiwa?"

"Hatujui. Aliyekwenda kuwahesabu hajarudi."

*

Kesho yake uwanja wa paredi ulifurika. Mbele kulikuwa na jukwaa, na chini ya jukwaa jiko la mkaa lenye makaa mekundu, na pembeni yake kiti kimoja kilichobeba mshindi. Darasa la Tatu lilipangwa mstari wa kwanza, lijifunze uzalendo.

"Mpeni Mheshimiwa makofi ya kilo!" aliamuru Mwalimu Mkuu Tumsifu, Kirungu alipokuwa akikanyaga ngazi za jukwaa. Makofi yakapigwa, kilo moja, kilo mbili, kilo tatu, yakazimika kwa pamoja kama ilivyo desturi. Na katika kimya kilichofuata ikasikika sauti ya Nyamizi.

"Mwalimu, wanapanda nini?"

Mtu mmoja alicheka puani. Mwingine akadaka. Kicheko kikatambaa kutoka mstari wa fundi Masunga hadi kwenye ukuta wa vyoo, na wale waliokuwa wakitaka kupiga makofi ya kukifunika waliitazama mikono yao mitupu wakaishusha. Kirungu akatabasamu, maana alidhani wanamshangilia kwa njia ya mjini.

"Ndugu wazazi," alisema, "kamati yenu mpya haina chuki na kitabu. Tunapenda vitabu. Mimi nyumbani ninacho. Lakini kitabu kilichotugawa hakiwezi kutuunganisha. Mwalimu Sikudhani, njoo. Watu hawa wanataka jambo hili liishe. Chukua kitabu, utuahidi kwa kinywa chako kwamba utakimaliza."

"Kimalizwe!" alisema Shangwe. "Kimalizwe leo!"

Mwalimu Sikudhani alipita mbele. Alilisikia joto la jiko kwenye kifundo cha mguu, akakichukua kitabu kitini, na vidole vyake vikauona vyenyewe ukurasa wa mwisho kwa sababu Nyamizi alikuwa amekunja pembe yake. Aliwatazama viongozi jukwaani. Aliwatazama wazazi, ambao wengi walikuwa peku tena. Akamtazama mtoto wa mstari wa kwanza, ambaye midomo yake ilikuwa imeanza kujifunga.

Basi Mwalimu Sikudhani akavua viatu. Akaifungua kanga aliyojitanda begani, akajifunga kibwebwe.

Darasa la Tatu likaketi chini lote, bila kuambiwa na mtu. Nyamizi peke yake alibaki amesimama, amekinga mkono mbele kama anayepokea kitu, kidole kimenyooka tayari kwa mstari.

"Vizuri," alisema Kirungu akisugua viganja. "Hata watoto wamekubali. Ahidi sasa, mwalimu, kwa sauti."

Mwalimu Sikudhani akainua kitabu juu, kila mtu akione. "Nakuahidi, Mheshimiwa," alisema, huku akimtazama Nyamizi, "na nyote mlioko hapa mnisikie. Kitabu hiki tutakimaliza, mimi na watoto hawa, sasa hivi, mbele ya macho yenu, wala hautabaki ukurasa hata mmoja."